Mpira wa intakula unachomoka kila nikipanda Nyang'oro, na klipu imekazwa mpaka mwisho

Pikapu_Migori

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua turbo (pampu zinazosukuma hewa kwenye injini).

Gari ni Hilux D-4D, injini 1KD ya lita 3, intakula (kipozeo cha hewa inayotoka turbo) iko juu ya injini chini ya tundu la boneti. Linafanya Dodoma–Iringa na mzigo wa kama kilo 700. Kutoka mjini mpaka Mtera halina tatizo. Likianza kupanda mlima wa Nyang'oro, gia ya tatu na mafuta yamekanyagwa, linatoa mlio mmoja mkubwa wa hewa, nguvu zinakata papo hapo na moshi mweusi unajaa nyuma. Ukifungua boneti, mpira unaotoka turbo kwenda intakula umechomoka. Hii ni mara ya tatu.

Klipu zilizopo ni za skrubu, zile za duka la vifaa vya mabomba. Zimekazwa mpaka skrubu inateleza. Mpira ukirudishiwa gari linatembea, lakini si kama zamani: kuna mluzi kuanzia mizunguko 2,000 kwa dakika, na mafuta linakunywa zaidi. Taa ya cheki injini haijawaka hata siku moja. Fundi mmoja anasema turbo imekufa, mwingine anasema ni klipu tu.

Nauliza: klipu ipi inafaa hapo? Na kuna namna ya kupima panapovuja bila kubahatisha?

Spana_Kizota

Mkuu, turbo iache kwanza. Turbo iliyokufa haichomoi mpira. Mpira unachomolewa na presha, na presha inatoka kwenye turbo inayofanya kazi.

Chukua bomba la kipenyo cha milimita 60. Presha ikifika baa 1.2, nguvu inayousukuma mpira utoke ni karibu kilo 35, na wakati huohuo injini inacheza kwenye raba zake. Kinachoushikilia si skrubu peke yake. Ni msuguano wa mpira na chuma, pamoja na lile tuta dogo la duara lililo karibu na mdomo wa bomba. Kimoja kikikosekana, klipu hata uikaze vipi itaachia.

Fungua mpira, pitisha kidole ndani ya mdomo wake. Kikitoka na oili inayoteleza, nusu ya jibu unayo. Mvuke wa oili kutoka kwenye mpira wa kupumulia injini unaingia turbo na kupaka mabomba yote mpaka intakula. Utando mwembamba ni kawaida kwa dizeli. Oili ikikaa kama dimbwi la kujaza kikombe cha kahawa, hilo si la klipu tena, hapo kagua upumuaji wa injini na sili za turbo. Lakini hata ule utando wa kawaida unatosha kuuteleza mpira ukiufunga bila kusafisha.

Halafu angalia alama ya klipu kwenye mpira. Mkanda unatakiwa ukae nyuma ya tuta, upande wa ndani, mpira ukiwa umelipita tuta na kuingia kwenye bomba kama milimita 20 hadi 25. Wengi wanaifunga juu ya tuta kabisa. Ikikaa hapo, kila unapokaza inajisukuma yenyewe kuelekea mdomoni, na joto la kwanza linamalizia kazi. Kwa maelezo yako nina hofu ndicho kinachotokea.

Klipu zenyewe hazifai mahali hapo. Mkanda wake umetobolewa matundu ya skrubu kupita. Ukikaza kupita kiasi, mpira unajaa kwenye matundu hayo na kukatika kidogokidogo. Tena klipu ya skrubu haibani duara lote sawasawa, chini ya nyumba ya skrubu panabaki sehemu bapa, na hapo ndipo mluzi unapoanzia. Skrubu ikishateleza, klipu hiyo ni ya kutupa. Haikazi tena hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Aina zinazofaa:

Kama mpira ni wa asili uliokuja na gari, rudishia klipu za springi, zile za kubana kwa plaizi. Watu wanazidharau kwa sababu hazina skrubu, kumbe zinafuata mpira. Mpira unavimba kwa joto na kunywea kwa baridi, na springi inabana muda wote. Asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma klipu ya skrubu iliyokazwa mchana wa joto inakuwa imelegea, ya springi haijalegea. Ila springi nayo huchoka. Ukiibana kwa plaizi ikafunguka kirahisi mno, au ukaweza kuizungusha kwa vidole ikiwa mahali pake, badilisha.

Kama mpira ni wa silikoni, weka klipu ya bolti, yenye mkanda mzima usio na matundu na bolti moja yenye nati ya kujifunga. Inataka kipimo sahihi, maana masafa yake ni finyu, takribani milimita 8 tu. Pima kipenyo cha nje cha mpira ukiwa tayari umevalishwa kwenye bomba. Mpira wa ndani milimita 63 wenye unene wa milimita 5 unakuwa 73 kwa nje, kwa hiyo tafuta klipu ambayo 73 iko katikati ya masafa yake. Ukinunua kubwa, ncha zinakutana kabla haijabana, na hapo utadhani umekaza kumbe umegonganisha chuma kwa chuma.

Kaza klipu ya bolti kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 6 hadi 8, ya skrubu Nm 4 hadi 5. Huna torki spana? Tumia soketi ndogo na mpini mfupi wa bisibisi, usitumie racheti. Acha pale mpira unapoanza kufura kidogo kando ya mkanda.

Na tafadhali usikubali kuwekewa mpira wa rejeta uliokatwa. Ule umetengenezwa kwa ajili ya maji na kulanti, oili inaulainisha na kuuvimbisha. Hewa inayotoka turbo ikipanda mlima na mzigo inaweza kupita nyuzi 120, na mpira uliolainika kwa oili haushiki chochote kwenye joto hilo.

Dizeli_Kondoa

Naunga mkono maelezo ya Spana. Naongeza upande wa kupima, kwa sababu huo mluzi unasema kuna pengine panapovuja mbali na pale panapochomoka.

Kifaa cha kupimia unatengeneza mwenyewe. Nunua kifuniko cha bomba la PVC kinachokaribiana na mdomo wa mpira unaoingia turbo, milimita 63 au 75 kutegemea gari. Toboa katikati kwa drili ya milimita 11.5, vuta valvu ya tairi isiyo na tyubu mpaka ijibane yenyewe. Hiyo ndiyo saizi ya tundu la rimu kwa valvu za kawaida za gari dogo, hivyo inakaa bila gundi. Sugua makali ya kifuniko kwa msasa ili mpira usikatike.

Upepo unaupata kwa fundi pancha yeyote mwenye kompresa. Pampu ya mguu haitoshi, hewa inatoka haraka kuliko unavyojaza. Lakini tangi la kompresa lina baa 8, na ukimwaga zote mara moja utavunja intakula. Lazima pawe na regyuleta, au angalau bunduki ya upepo yenye geji, unaachia kidogokidogo.

Utaratibu:

1. Injini iwe ya baridi, gari kwenye nyutro, handibreki juu, jiwe chini ya tairi. Toa waya hasi wa betri.

2. Ondoa bomba la hewa kutoka kwenye boksi la filta, baada ya sensa ya hewa. Funga kifaa chako hapo, usikifunge kwenye mdomo wa turbo. Ukifunga huku nyuma unapima na mpira wa kabla ya turbo, na kwa mkoa wetu huo una umuhimu wa pekee, nitaeleza.

3. Chomoa mpira wa kupumulia injini unaoingia kwenye bomba hilo. Ziba upande wa bomba, upande wa injini uache wazi, na fungua kifuniko cha oili. Ukisahau hatua hii presha inaingia kwenye nyumba ya kreki na kusukuma sili za oili.

4. Anza na psi 5. Sikiliza. Penye tundu kubwa utapasikia bila kuinama. Ziba, kisha panda mpaka psi 10, mwisho 15. Hakuna sababu ya kupita busti (presha ya turbo) ya kawaida ya gari lako. Uso usiwe mbele ya mpira wowote, ukiachia unaruka kwa nguvu.

5. Chukua chupa ya kupulizia, nusu lita ya maji na vijiko viwili vya sabuni ya vyombo. Pulizia kila ungio, kila klipu, mshono wa intakula pale tangi la plastiki linapobanwa na alumini, na tumbo la kila mpira kwa chini. Povu dogo linalokua polepole na povu linalopasuka na kurushwa ni vitu viwili tofauti. La kwanza linaweza kusubiri wikendi. La pili ndilo linalokula nguvu zako.

6. Huku presha ipo, shika kila mpira, upinde na kuusokota kidogo. Mipasuko mingi imelala, hufunguka tu mpira ukivimba. Kwa macho na injini imezimwa huwezi kuiona.

Usitegemee presha ikae kama kwenye tairi. Dizeli hewa inaingia mpaka kwenye silinda, na kuna valvu zitakuwa wazi. Ukisikia upepo kwenye ekzosi, toa presha yote, zungusha kreki (shafti kuu ya injini) kwa spana robo duara, jaribu tena. Ukihamisha kreki mara mbili tatu na upepo kwenye ekzosi haubadiliki, shuku valvu ya EGR (inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini) imekwama wazi.

Sasa hilo la kabla ya turbo. Uvujaji wa baada ya turbo unatoa hewa nje, unapoteza nguvu. Wa kabla ya turbo unavuta hewa ndani bila kupita kwenye filta. Kati ya Juni na Novemba, barabara za vumbi za huku, hewa hiyo ni mchanga mtupu. Unasaga visu vya turbo na ringi za pistoni, na gari halitoi moshi wala mlio wa kukushtua. Chukua kitambaa cheupe, futa ndani ya bomba kati ya filta na turbo. Kikitoka na vumbi jekundu, simamisha gari mpaka ujue linapitia wapi. Mara nyingi ni klipu ya boksi la filta, au filta ya bei ya chini isiyokaa sawa kwenye kingo zake.

Makulu_Skana

Mkuu Pikapu, kuhusu taa kutowaka. Turbo ya 1KD ina visu vya kubana njia ya ekzosi, vinavyoongozwa na mota ya umeme. Presha ikipungua kidogo, kompyuta inabana visu ili turbo izunguke zaidi kufidia kile kinachovuja. Kwa hiyo mvujo mdogo unafichwa. Unachoona wewe ni mafuta kuisha haraka na joto la ekzosi kupanda, huku turbo inazungushwa kupita inavyohitajika. Kwa magari mengi msimbo P0299 (busti ndogo) unakuja tu pale fidia inaposhindikana.

Moshi mweusi nao una sababu yake. Sensa ya hewa imeshahesabu hewa iliyoingia, kompyuta ikapanga dizeli ya kutosha hewa hiyo, halafu sehemu ya hewa ikatoka njiani. Dizeli inabaki nyingi kuliko hewa.

Kama una skana yoyote ya kuonyesha data, washa swichi bila kuwasha injini, soma presha ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda). Hapa Dodoma tupo kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, inatakiwa isome karibu kPa 88 au 89. Wengi wanasoma maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya pwani, wanategemea 101, wanabadilisha sensa nzima bure. Halafu endesha gia ya tatu, kanyaga mpaka chini, soma tena. Busti ni hiyo namba ukitoa 88 au 89. Ikisoma 180, busti yako ni kama 91, yaani baa 0.9. Ukitoa 101 utajidanganya kwa kPa 12 hivi, karibu psi 2, na utafukuza mvujo ambao haupo.

Linganisha namba inayotakiwa na inayopatikana, si namba moja peke yake. Pengo likiongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka, ni mvujo. Pengo likiwa sawa muda wote hata kwa mzigo mdogo, angalia visu vya turbo na sensa kabla ya kugusa klipu. Na filta ya hewa iangaliwe kabla ya yote hayo, iliyojaa vumbi inatoa dalili zilezile.

Forester_AreaC

Samahanini kuingilia, na sisi wa petroli? Langu ni Forester ya turbo. Linatetemeka kidogo likiwa sailensa (limewashwa bila kukanyagwa) na likikanyagwa linakohoa. Mambo ni yaleyale?

Makulu_Skana

Dada, kipimo ni kilekile ila dalili zinagawanyika kwa throto (kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga). Kati ya turbo na throto, gari likiwa sailensa hakuna presha ya maana, kwa hiyo panapovuja hapo hupati dalili mpaka ukanyage: moshi mweusi, kukohoa, harufu ya petroli. Baada ya throto, sailensa kuna uvutaji, hewa isiyopimwa inaingia, gari linatetemeka na mara nyingi linatoa msimbo P0171 (hewa imezidi mafuta). Wewe una dalili zote mbili. Anza na mipira midogo ya manifoldi, kisha gasketi ya valvu ya kurudisha hewa iliyofungwa kwa bolti mbili kwenye intakula, kisha maungio ya bomba la matawi linalotoka turbo kupanda kwenye intakula.

Tahadhari moja. Mpira mwembamba unaokwenda kwenye kopo la westigeti (valvu inayozuia busti isizidi) ukipasuka, presha haishuki, inapanda kupita kiasi na kompyuta inakata mafuta ghafla. Ukisikia gari linagonga kama limekatwa swichi katikati ya kukanyaga, huo ndio wa kwanza kuangalia. Na ukiubadilisha, usitupe kile kipande kidogo cha chuma chenye tundu jembamba kilichomo ndani ya mpira. Ndicho kinachopima hewa.

Pikapu_Migori

Ahsanteni sana wakuu. Nimepima leo kwa kifaa cha PVC, kompresa ya fundi pancha yenye regyuleta. Kwa psi 5 tu matokeo yameonekana. Alama za klipu zote mbili za mpira wa turbo ziko juu ya tuta kabisa, kama Spana alivyosema, na ndani kuna oili ya kuteleza, utando tu, si dimbwi. Mluzi ni mpira wa kutoka intakula kwenda injini: una mpasuko wa sentimita 3 kwa chini, mahali unapogusa kishikio cha waya. Haukuonekana mpaka ulipovimba na kusokotwa. Kitambaa cheupe kabla ya turbo kimetoka safi. EGR haina upepo.

Nimeagiza mipira miwili ya silikoni ya matabaka manne na klipu za bolti. Je, nisafishe na nini, na nipake nini ili iingie? Ni migumu sana kuvalisha.

Spana_Kizota

Usipake grisi, usipake oili, usipake gundi ya gasketi. Grisi na oili hazikauki, na gundi ikitoka kipande inaingia kwenye injini.

Bomba la chuma lisugue kwa msasa laini namba 400 kuondoa kutu na mabaki ya mpira wa zamani, kisha futa kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mpira mpya ufute ndani kwa spiriti, uache ukauke. Intakula nayo imwage oili: itoe, isimamishe mdomo chini usiku mzima, la sivyo oili yake itarudi kwenye mipira mipya ndani ya wiki.

Kwa kuvalisha, pulizia dawa ya nywele ya saluni, ile ya kugandisha, ndani ya mdomo wa mpira, na vaa papo hapo. Ikiwa majimaji inateleza, ikikauka inashika. Iache nusu saa kabla ya kuwasha.

Silikoni ya kawaida inapenyeza oili taratibu na kutoa jasho kwa nje. Muulize muuzaji kama ina tabaka la ndani la kuzuia oili, hasa huo wa upande wa turbo. Kama hana, mpira wa asili una maisha marefu zaidi kwa dizeli.

Kishikio cha waya kilichotoboa mpira kihamishe au kipinde. Acha nafasi ya kidole kimoja kati ya mpira na chuma chochote, kwa sababu injini ikivuta mlima inainama na nafasi hiyo inaliwa. Bolti za klipu zielekeze juu, mahali soketi inapofika bila kutoa intakula.

Ukimaliza, rudia kipimo cha sabuni kwa psi 15 kabla ya kupakia mzigo. Kisha kaza tena baada ya kilomita 150 hivi, injini ikiwa ya baridi. Mpira mpya unajibana na kuacha ulegevu kidogo baada ya joto mara kadhaa, nati itakubali labda robo duara. Ikikubali zaidi ya mzunguko mzima, fungua uangalie kama klipu imehamia kwenye tuta.

Dizeli_Kondoa

Na chora mstari wa kalamu nyeupe ukikatiza mwisho wa mpira na bomba. Kila ukifungua boneti kuangalia oili, tupia jicho hapo. Mstari ukiachana hata milimita 2, mpira umeanza kutembea, na unayo siku kadhaa za kuurekebisha kabla ya kuupanda tena Nyang'oro.